Nyumba, Lupango na Mtaa: historia ya makao ya wakristu wa Lubumbashi



Vitabu vya jubilei vina desturi yao. Vinaanza na jina la padri wa kwanza, vinafuata na mwaka wa kuweka jiwe la msingi, kiisha vinaonyesha picha ya kanisa la nyasi na ya kanisa la matofali lililolifuata. Hayo yote ni mema, na katika kurasa zingine za kitabu hiki mtayasoma. Lakini sisi makatekista, ambao kazi yetu ni kupita lupango kwa lupango, tumeona inafaa kuandika pia juu ya nyumba za watu. Parokia haikai ndani ya kanisa siku saba za juma. Siku ya Mungu watu wanaingia kanisani masaa mawili ao matatu. Masaa yanayobaki wanayapitisha chini ya malata yao, kati ya jirani zao, mbele ya robine na sokoni. Tena, mambo mengi ya Eklezya yanaanzia nyumbani: mtoto anazaliwa mle, mgonjwa anapakwa mafuta matakatifu mle, marehemu anatoka mle kwenda kuzikwa. Kwa hiyo mtu akitaka kujua wakristu wa mji huu walitoka wapi, aulize kwanza walilala wapi, na nyumba ile ilikuwa ya nani.

Swali hili la mwisho ndilo tunalolifuata hapa. Maana kulala ndani ya nyumba ni jambo moja, na nyumba kuwa yako ni jambo lingine. Wazee wetu walilala miaka mingi ndani ya nyumba ambazo hazikuwa zao.

Mji wetu, uliokuwa unaitwa Elisabethville mpaka mwaka wa 1966, ulianza katika mwaka wa 1910. Mwaka ule ule njia ya reli ilifika ikitoka Rodezia kwa kupitia Sakania, na mwaka ule ule alifika pia Padri Jean-Félix de Hemptinne pamoja na wamonaki Wabenedikto wa Saint-André wa Bruges, yeye ambaye kiisha akawa Askofu na akaongoza Eklezya ya Katanga mpaka kufa kwake katika 1958. Mwaka uliofuata, 1911, tanuru ya kwanza ya Union Minière iliwashwa kando ya mto Lubumbashi. Hivi reli, misioni na tanuru vilizaliwa karibu wakati mmoja, na tangu mwanzo vilijuana sana, pengine kupita kiasi, kama tutakavyoona.

Barabara za mji zilichorwa kwa rula, zinakatana kama mistari ya daftari. Upande wa wazungu kulikuwa nyumba kubwa za matofali, zenye bustani na zenye barza mbele. (Tukumbuke kwa furaha kidogo kwamba neno hili barza, ambalo Wabelgiji walilitumia katika kifaransa chao kana kwamba ni lao, ni baraza yetu tu.) Nyuma ya nyumba kubwa, mwisho wa lupango, kulikuwa kijumba cha boy na mpishi: ndiyo boyerie. Mtu alilala pale hatua chache tu kutoka kitanda cha bwana wake, akisikia kila neno lake, na siku bwana alipokasirika, mtu yule alifunga mkeka wake na kuondoka. Habari za watu hao tungezikosa kabisa, kama katika mwaka wa 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani, asingeandika katika Kiswahili cha mji huu ile historia inayoitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Wasomaji wetu wanaopenda mambo ya kale waitafute. Imeandikwa na mtu aliyeuona mji kutokea jikoni.

Wale wasiofanya kazi nyumbani mwa wazungu walitengewa mahali pao. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serkali ilipeleka makao ya watu weusi mbali zaidi upande wa kusini, pale palipoitwa Cité Albert na panapoitwa Kamalondo leo. Kati ya miji hiyo miwili iliachwa nafasi tupu, zone neutre, yenye mapana ya mamia ya metre. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya: walisema mbu anayebeba homa hawezi kuruka mbali namna ile. Sisi hatukusoma udaktari, lakini tunajua kwamba mbu hakuombwa kibali cha kutembea usiku, na mtu mweusi aliombwa. Saa ya usiku ilipofika, yeyote asiye na karatasi mkononi hakuwa na ruhusa ya kuonekana katika barabara za wazungu.

Sasa tufike kwenye makambi, maana huko ndiko wengi wa babu zetu walikoishi, na huko ndiko imani ilikoota mizizi.

Katika miaka ya kwanza kampuni haikutaka wanawake wala watoto. Ilitaka mikono. Watu walitafutwa mbali, waliletwa kwa mkataba wa miezi michache, waliwekwa katika vibanda vya udongo na nyasi, wengi pamoja, na waliobaki wazima walirudishwa kwao. Ugonjwa uliua wengi. Hesabu hiyo haikuifaa kampuni yenyewe: kila mara kutafuta wengine, kuwasafirisha, kuwafundisha kazi upya, na kuwazika. Ndipo, karibu na mwaka wa 1928, Union Minière iligeuza njia. Mkataba ukawa wa miaka mitatu, mfanyakazi akashauriwa kuoa na kuleta bibi yake, na kambi ikaanza kujengwa kwa matofali, nyumba moja kwa jamaa moja. Mwaka huo huo wa 1928 reli ya B.C.K. ilifika Port-Francqui, yaani Ilebo, na njia ya Kasai ikafunguka. Wengine walitoka Maniema, Ruanda na Urundi, Rodezia ya Kaskazini. Hivyo Kiswahili kikawa luga ya kambi, kwa kuwa hakikuwa luga ya kabila lolote kati ya yale yaliyokutana pale.

Nyumba ya kambi ilikuwa namna gani? Ilikuwa ndogo, imara, na yenye kufanana na ya jirani kabisa, hata mgeni aliyelewa aliweza kuingia katika nyumba isiyo yake. Ilikuwa na namba ukutani. Kandokando yake vilipangwa vitu ambavyo kijijini havikuwa: robine ya maji, vyoo, dispensaire yenye muganga na mama wa kupima watoto, masomo, duka, uwanja wa mpira, na mwisho wa barabara kapela. Kila juma watu walisimama kwa mstari kupokea posho: unga wa mahindi, samaki ao nyama, chumvi, mafuta. Posho ilihesabiwa kufuata bibi na watoto walioandikwa. Kwa jioni bibi walikwenda foyer kujifunza kushona na kutunza nyumba, na masista walikuwa walimu wao. Tangu miaka ya 1920 kampuni ilikuwa imewakabizi Wabenedikto kazi ya kusomesha watoto wa makambi, na kwa hiyo Padri, mwalimu na mkubwa wa kambi walikutana kila siku.

Mkubwa wa kambi watu walimpa jina la Changachanga, yaani yule anayechanganya watu. Yeye ndiye aliyejua nani amelala wapi. Alipitia nyumba, aliangalia kama uwanja umefagiwa, kama hakuna mgeni asiyeandikwa, kama pombe haipikwi. Ndugu ya baba aliyetoka kijijini alihitaji ruhusa ili alale usiku mmoja karibu na moto wa ndugu yake. Nani kati ya wazee wetu asiyekumbuka mjomba aliyefichwa nyuma ya gunia la makala?

Tuseme wazi lililo kweli kwa pande zote mbili. Watoto wengi hawakufa, kwa sababu ya maji yale na dispensaire ile. Wengi wetu tunajua kusoma kwa sababu baba ao babu alisomea kambini. Lakini nyumba haikuwa yake. Ilikuwa kama nyundo na koleo: chombo cha kazi, kinachorudishwa kazi ikiisha. Mtu akifukuzwa, ao akizeeka, ao akifa, jamaa ilitoka ndani ya siku chache, na namba ile ile ukutani ikangoja mwingine. Mjane aliyelia siku tatu, siku ya nne alitafuta mahali pa kuweka vyombo. Na Eklezya, tunayoipenda kama mama, haikusema neno kubwa juu ya jambo hilo kwa wakati ule. Kapela yenyewe ilisimama katika kiwanja cha kampuni. Katika Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakiomba mshahara wa kutosha kwa maisha ambayo vita ilikuwa imeyapandisha bei. Tarehe 9 walikusanyika katika uwanja wa mpira, na askari wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa ajili yao, alikufa pale. Tunaandika jina lake katika kitabu cha jubilei kwa sababu uwanja ule ulikuwa moja ya vile vitu vizuri vya mtaa ambavyo tumevihesabu hapo juu.

Kutoka katika nyumba hizo za namba kulitokea pia jambo ambalo dunia ya Wakatolika ililisikia. Karibu na mwaka wa 1953, pa Ruwe, kando ya Kolwezi, Padri Placide Tempels wa shirika la Mtakatifu Fransisko, yule yule aliyeandika La philosophie bantoue katika 1945, alianza kukaa na mabwana na mabibi wa kambi katika vyumba vyao, akiwasikiliza kabla ya kuwafundisha. Ndiyo mwanzo wa Jamaa. Maaskofu baadaye walikuwa na sababu zao za kuchunguza baadhi ya mambo yake, nasi hatuingii katika mashauri hayo. Tunaangalia tu mahali lilipozaliwa: chumba ambamo baba na mama wameketi pamoja, mlango wazi, jirani anaingia. Kambi ilijenga nyumba kwa jamaa moja moja ili kazi iende vizuri. Na watu, ndani ya nyumba zile zile, wakatengeneza undugu ambao kampuni haikuuagiza.

Wakati huo huo, kulikuwa watu wasioishi kambini: mafundi, wachuuzi, makarani wa serkali, wazee waliotoka kazini na hawakutaka kurudi kijijini. Kwao ilitengenezwa sheria ya Centre extra-coutumier, kwa amri ya 1931. Centre ilikuwa na chifu wake, mahakama yake na mfuko wake wa feza, na mtu aliweza kupewa kiwanja kilichopimwa. Kitabu kidogo alichopewa, livret de logeur, kilishuhudia kwamba fulani anakaa katika kiwanja namba fulani. Wasomaji washike vizuri neno hili: kilishuhudia anakaa. Tutalirudia.

Kiisha vita ya 1940-1945 watu waliongezeka sana, na Kamalondo na Kenya zikajaa. Ndipo likaja jambo ambalo sisi wakaaji wa upande huu tunapaswa kulikumbuka. Ferdinand Grévisse, mtumishi wa serkali ya kikoloni aliyesimamia Centre na aliyeandika kitabu juu yake katika 1951, alifikiri kwamba ni bora kumkopesha mtu vifaa, na kumwacha ajenge nyumba kufuata mapenzi yake, kuliko kumpangisha nyumba iliyochorwa na wengine. Mwenye kujenga alipewa mkopo, akaurudisha polepole. Ndiyo namna sehemu kubwa ya Katuba ilivyosimama. Upande mwingine, serkali ya Ubelgiji ilianzisha katika 1952 Office des Cités Africaines, iliyojenga nyumba kwa maelfu katika miji mikubwa ya Kongo na hata Usumbura. Kwetu tuliona kazi yake Ruashi. Nyumba za Office zilikuwa safi, zimepangwa vizuri na wasanifu waliosoma. Hata hivyo tukiulizwa, tunapenda zaidi zile za Katuba. Hazifanani. Moja ina barza mbele, nyingine pembeni. Mwenye watoto wengi aliongeza chumba nyuma, fundi seremala aliweka dirisha kubwa ili apate mwanga wa kufanyia kazi. Katika Katuba mtu akikuonyesha nyumba yake, anakuonyesha pia akili yake.

Na ilijengwa kwa nini? Kwa udongo wa kichuguu. Nchi yetu ya Katanga imejaa vichuguu virefu kupita nyumba, na udongo ambao mchwa wameutafuna unashikamana vizuri. Watu walivunja kichuguu, wakaloweka udongo, wakaukanyaga kwa miguu, wakautia katika kiforma cha mbao, wakaanika matofali chini ya majani, kiisha wakayapanga kama tanuru na kuyachoma kwa kuni siku kadhaa mchana na usiku. Kazi hiyo ilihitaji kiangazi, maana mvua ikishuka juu ya matofali mabichi, kazi ya miezi miwili inarudi kuwa matope. Kwa hiyo miezi ya kiangazi ndiyo ilikuwa miezi ya kujenga, na hata misioni ilijenga hivyo. Makanisa mengi ya upande wetu na nyumba za wakristu wake ni ndugu wa tumbo moja: zimetoka katika vichuguu vya pori lile lile.

Lupango uliokamilika ulikuwa na utaratibu ambao mtoto aliujua kabla ya kujua katekisimu. Mbele ni ua wa majani, na mara nyingi mti wa maembe, ambao chini yake wageni wanapokelewa. Nyumba katikati. Ndani, salon yenye viti, meza yenye kitambaa, msalaba ao picha ya Bikira Maria ukutani, na, tangu miaka ya 1960 na 1970, mchoro wa rangi ulionunuliwa kwa mchoraji aliyepita mlango kwa mlango: mamba muntu, ule mwanamke-samaki wa mtoni, ao ile picha ya askari anayempiga mfungwa iliyoitwa Colonie belge. Mapadri wengine hawakufurahi kumwona mamba muntu akitazamana na Bikira Maria. Ukweli ni kwamba zilikaa pamoja miaka mingi bila fujo. Nyuma ya nyumba ni jiko la nje, mbabula ya makala, sufuria ya bukari, mistari michache ya mahindi na ya sombe. Mwisho kabisa, choo. Maji yalitoka kwa robine ya barabarani, na pale ndipo habari zote za mtaa zilipopitia. Katekista aliyetaka kujua nani ni mgonjwa hakuhitaji kuuliza bourgmestre. Alisimama tu karibu na robine.

Umeme ulikuwa jambo lingine. Tangu 1930 maji ya Lufira, pale Mwadingusha, yanatoa umeme kwa ajili ya tanuru. Nyaya zilipita juu ya vichwa vya watu miaka mingi kabla ya kushuka katika nyumba zao. Juu ya soko la Kenya hatuna haja ya kueleza, maana hakuna msomaji wetu ambaye hakulipia feza yake pale. Juu ya mpira tuseme neno moja, kwa sababu vijana wanasahau: ile timu ambayo leo ina uwanja wake Kamalondo, Mazembe, ilizaliwa katika 1939 mikononi mwa wamonaki Wabenedikto, kwa jina la Saint-Georges, na katika 1967 na 1968 ilikuwa ya kwanza katika Afrika nzima. Nayo pia ni tunda la mtaa wenye kiwanja wazi na padri asiyeogopa vumbi.

Katika Desemba 1957 watu wa mji huu walipiga kura mara ya kwanza, kila commune ikachagua washauri wake. Mabourgmestre weusi waliotokea hawakuwa hata mmoja mwana wa Katanga ya kusini. Wengi walitoka Kasai. Mwaka uliofuata, 1958, Conakat ilianzishwa. Tangu hapo swali la nyumba ni ya nani lilipata dada mbaya: nyumba ni ya mtu wa wapi? Katika Agosti na Septemba 1961, wakati wa secession, makumi ya maelfu ya Baluba wa Kasai waliacha nyumba zao, zile za mkopo na za matofali ya kichuguu, wakakimbilia kambi ya wakimbizi chini ya ulinzi wa Mataifa Unganifu. Waliishi humo chini ya maturubai na mabati mabovu, kilometre chache kutoka katika malata yao wenyewe. Wengi walipelekwa Kasai katika 1962. Katika 1992 na 1993 jambo hilo lilirudi, zaidi katika Likasi na Kolwezi: watu waliozaliwa pale walingoja treni kwenye vituo majuma na miezi, na wengi walikufa njiani. Nyumba ziliuzwa kwa bei ya baiskeli, ao ziliachwa tu wazi. Sisi tumebatiza watoto wa walioondoka na watoto wa waliobaki, na tunajua kwamba katika parokia nyingi za Katanga kuna mlango ambao watu wawili wanauita wangu kwa moyo mweupe. Habari hizo hazipendezi katika sikukuu. Lakini jubilei ya Biblia, katika kitabu cha Walawi, inaamuru kwamba kila mtu arudi katika milki yake. Mwenye kuandika juu ya jubilei na nyumba hawezi kuruka sura hiyo.

Tulisema tutarudia ile livret. Katika 1966 mji ulipata jina la Lubumbashi. Katika 1967 Union Minière ikawa mali ya nchi, na kiisha ikaitwa Gécamines. Tarehe 20 Julai 1973 ilitoka sheria ya udongo: udongo wote wa nchi ni mali ya Serkali, na mwananchi anapewa haki ya kuukalia daima, haki inayoandikwa katika hati inayoitwa certificat d'enregistrement. Watu wengi wa mitaa yetu hawakuhangaika. Walikuwa na kitabu chao cha zamani, kimefungwa katika plastiki chini ya godoro, kimeandikwa jina la babu. Kumbe kitabu kile kilishuhudia tu kwamba babu anakaa. Na babu hakai tena, amelala kaburini. Kwa hiyo leo mtu anaweza kuzaliwa katika nyumba, kuoa ndani yake, kuzeeka ndani yake, na siku moja kupokea mgeni mwenye karatasi mpya zaidi kuliko yake. Mahakama yetu yamejaa mashauri ya namna hiyo.

Na makambi? Katika 2003, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walipewa feza kidogo na kuachishwa kazi, wengi wao wakiwa na mishahara ya miaka waliyokuwa hawajalipwa. Pamoja na kazi walipoteza hospitali, masomo ya bure na posho, vile vitu ambavyo babu zao walivipata kwa kutoa uhuru wao. Ukuta wenye namba ulibaki. Tukipita leo katika makambi ya zamani tunaona kwamba mtaa umejikaza ndani yake wenyewe: nyumba ya pili imejengwa katika lupango wa kwanza, ya tatu katika jiko la nje, mti wa maembe umekatwa ili ijengwe butike. Viwanja vya mpira na nafasi zilizoachwa kwa ajili ya masomo zimegawanywa na kuuzwa kimoja kimoja. Tunalisema kwa uchungu, kwa sababu mtoto asiye na kiwanja anacheza barabarani, na barabara zetu zina malori ya madini.

Linabaki jambo ambalo katika kazi yetu ya ukatekista tunakutana nalo kuliko yote. Mume anakufa. Matanga hayajaisha, ndugu zake wamekwisha kuhesabu viti. Mjane, aliyeloweka udongo wa matofali kwa miguu yake mwenyewe, anaambiwa kwamba nyumba ni ya ukoo. Anatoka kama mjane wa kambi alivyotoka zamani, ila safari hii hakuna Changachanga wa kulaumu. Ni shemeji, na mara nyingi shemeji ni mkristu mwenzetu anayekaa benchi la pili. Sheria ya nchi lakini imesema lingine. Code de la famille ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyotengenezwa tena katika 2016, inawaweka watoto kuwa warizi wa kwanza, mbele ya ndugu za marehemu, na inampa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi pamoja na kutumia vyombo vyake. Ndugu za marehemu hawana ruhusa ya kumtoa.

Haki hiyo inadai neno moja: mjane aonyeshe kwamba alikuwa bibi wa marehemu mbele ya sheria. Hapo wakristu wengi wanaanguka bila kujua. Wanaleta karatasi ya ndoa ya parokia, yenye muhuri na sahihi ya padri, na wanashangaa hakimu anapoirudisha. Kitabu cha ndoa cha parokia na kitabu cha état civil ni vitabu viwili. Cha kwanza kinashuhudia sakramenti. Cha pili ndicho kinachosomwa mahakamani siku ya kugawa nyumba. Waliooana kwa desturi ya jamaa wanatakiwa kwenda kujiandikisha commune katika mwezi unaofuata, na waliochelewa waende hata sasa kuuliza namna ya kutengeneza jambo lao. Katika mashirika madogo ya mtaa tumeanza kuomba, pamoja na karatasi ya ubatizo, namba ya ndoa ya commune, kabla ya kupanga siku ya Misa ya ndoa. Na kwa wazee waliofunga ndoa zamani, katekista yuko tayari kuwasindikiza mpaka ofisini, siku za kazi, kuanzia saa tatu asubuhi. Walete pia, kama wanayo, ile livret ya babu.